Kabla ya Injini, Nionyeshe Waya

Kila mara picha ya ndege iliyoundwa nyumbani ikifika kwa simu zetu, swali ni lile lile: injini ni ya nini? Gabriel Nderitu wa Nyeri aliulizwa hivyo. Chris Nsamba, hapo tu ng'ambo, aliyeunda yake nyuma ya nyumba ya mamake Ntinda, Kampala, naye pia. Mimi ningeuliza kingine. Waya za mabawa umezipitisha wapi?

Chekeni tu. Lakini hapa Sigalame nimefunga taa za nduthi nyingi, na kuna moja ilinifunza adabu. Nilipitisha waya kwa tundu la bati bila raba, nikazungusha tepu, nikaona kazi imeiva. Wiki tatu za barabara mbovu zikakula plastiki, shaba ikagusa bodi, fyuzi ikaenda. Ilikuwa saa mbili usiku, mteremkoni, jamaa amebeba dadake. Waliingia mtaroni. Msichana akavunjika mkono. Pesa ya hospitali nililipa mdogo mdogo, na hadi leo yule jamaa akipita kwangu hapigi honi.

Sasa fikiria bawa. Ndani kuna mbavu, na waya inapita tundu baada ya tundu mpaka ncha, kwa taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Injini ikitetemeka, kila tundu lisilo na raba ni kisu. Bawa likiwa la mbao na kitambaa, hakuna bati la kurudisha umeme, so lazima upeleke waya ya pili. Na ukishafunika kitambaa, mkono hauingii tena! Ndiyo maana wajanja huweka paipu nyepesi ndani na kuacha kamba, ili siku moja wavute waya nyingine bila kupasua bawa. Waya zenyewe si zile za nyumba za PVC, ambazo zikiungua hutoa moshi mbaya. Wengi hutumia Tefzel. Vichwa wanavibana kwa koleo maalum, maana ukilehemu, waya inakakamaa na kukatika hapo hapo.

Juzi kijana wa kidato cha tatu aliniletea daftari. Amechora ndege, injini safi kabisa, mpaka plagi. Mabawa yalikuwa matupu. Nikampa raba saba, tukaanza na nduthi ya babake.