Mfupa Niliouua

Maabarani kwetu hakuna aliyeupenda mfupa. Kipande cha titi kikiingia Jumatatu, Jumatano kiko mezani kwa daktari. Mfupa unaweza kukaa wiki mbili kwenye asidi ndipo uguswe na kisu. Wakubwa wakaniachia mimi mifupa, nikakaa nayo miaka 28.

Asidi yetu ilikuwa ya fomiki, ileile inayokuwasha ukiumwa na majimoto. Inanyonya kalsiamu mpaka mfupa unapindika kama gegedu. Ndipo unaingia kwenye nta, kisha mikrotomu inaukata vipande vya maikroni 4.

Kwenye hadubini, mfupa ulio hai ni duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa, na katikati tundu la mshipa wa damu, lenye jina la Clopton Havers, mganga Mwingereza aliyeandika habari zake mwaka 1691. Baina ya maduara mna vijumba, kila kimoja na seli yake, kiini chake cha zambarau. Mfupa uliokufa una vijumba vilevile, ila wenyewe hawamo.

Mwaka wangu wa tatu uliletwa mfupa wa mtoto wa selimundu, mguu umevimba, jibu linatakiwa upesi. Nikautia kwenye asidi ya nitriki, kali, Ijumaa mchana, nikaenda zangu harusini.

Slaidi ikatoka, vijumba vyote vitupu. Daktari wetu wa patholojia, mzee asiyepandisha sauti, akasema, "Umekufa." Kisha akaisogeza slaidi hadi penye usaha. Viini vya seli za usaha hata mwanafunzi havimpiti. Pale palikuwa na rangi ya waridi tupu. Asidi kali ikizidi, viini havishiki tena rangi.

"Kijana, huu mfupa kauua nani? Ugonjwa au wewe?"

Tuliponea nusu iliyobaki kwenye formalini. Safari hii sikukisia: kila nilipobadilisha asidi nilichota ile ya zamani, nikatia amonia na oksaleti ya amonia. Ikichafuka kama maji ya mchele, kalsiamu bado inatoka. Siku ya kumi na mbili ikabaki safi. Katikati ya usaha kulikuwa na kipande kilichokufa kweli, na pembeni yake mfupa mchanga, wajenzi wake wamejipanga ukingoni, viini vimekolea rangi.

Siku hizo kumi na mbili mama wa mtoto alikuja dirishani mara nne. "Dokta, bado?" Nami, ambaye si daktari, nikamwambia mashine imeharibika.