Lutindi: Kuta kongwe zilizojengwa kupokea watu
Kuta za Fort Jesus, Mombasa, zilijengwa kuzuia adui. Majengo kongwe ya Lutindi, juu ya Milima ya Usambara wilayani Korogwe, yalijengwa kupokea watu. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walianzisha hapo makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo inatajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki.

Anayepanda mlima leo huwakuta wagonjwa wakifanya kazi shambani na kwenye karakana. Hiyo nayo ni sehemu ya tiba.

Mzazi, mwanao akianza kusikia sauti wasizosikia wengine, usimfungie chumbani kwa kuogopa maneno ya majirani. Mpeleke hospitali mapema. Ugonjwa wa akili una tiba.