Mlango wa Shangazi

"Balozi wa nchi gani?" aliuliza kijana wa guta. Alikuwa ameliokota daftari uvunguni, limeliwa na mchwa pembeni, akasoma kwa sauti ukurasa ulionusurika: mbele ya balozi, mpangaji wa chumba cha tatu ameondoka na godoro moja, sufuria mbili, jembe na kuku mmoja, ameacha baiskeli hadi amalize deni.

Nilimjibu kuwa ni balozi wa nyumba kumi. Hilo nalo halikumsaidia. Akauliza kama daftari ni la VICOBA, kisha akalitupa kwenye rundo la kuchoma. Nikaliokota.

Tulikuwa tunatoa vitu kwenye nyumba ya marehemu shangazi yangu, huku Runazi. Binamu yangu aliiweka dhamana, mkopo ukamshinda, nyumba ikapigwa mnada. Mnunuzi anataka kuibomoa ajenge fremu za maduka. Shangazi aliijenga mwaka ambao ndugu hawakubaliani: wengine wanasema 1979, askari waliporudi kutoka Uganda, wengine 1982. Daftari linaanzia 1981, nalo si la kwanza. Basi tuseme ilikuwepo.

Vyumba sita, tofali mbichi, vitatu huku na vitatu kule, na ukumbi mwembamba katikati. Shangazi alilala cha mbele ili aone nani anaingia na nani anatoka. Wapangaji wa kwanza walikuwa walimu, bwana shamba, wanunuzi wa tumbaku na pamba waliokuja kwa msimu, na utingo waliokwama magari yao yalipoharibika. Kodi ililipwa mwisho wa mwezi, baada ya kukaa. Leo ukimwambia mwenye nyumba kwamba utakaa kwanza ndipo ulipe, atakuuliza umetoka wapi. Sasa ni miezi sita mkononi, au mwaka mzima, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango.

Kila chumba kilikuwa na harufu yake, nasi watoto tulizijua. Cha mwalimu kilinuka chaki na mafuta ya taa. Cha mama aliyeuza dagaa hakikuishiwa harufu ile hata baada ya kupakwa udongo mweupe mara mbili. Mpangaji aliyemfuata aliwekewa punguzo. Cha nyuma kabisa kilikuwa cha mpika rubisi, na asubuhi ukifungua dirisha ungedhani ndizi zimelala humo zikitoa jasho. Juu ya yote palikuwa na popo darini. Popo hawakulipa kodi wala hawakuhamishwa.

Mpangaji akichelewa, shangazi hakupiga kelele. Siku ya kwanza angemwambia, "Mwanangu, mwezi umeandama." Wiki ikipita, alikuja na tindo akang'oa mlango. Mlango tu. Aliuegemeza kwenye ukuta wa chumba chake na kuendelea kupepeta maharage. Vitu vya mtu vilibaki ndani, havikuguswa, na yeye aliruhusiwa kulala humo apendavyo. Usiku mmoja bila mlango, msimu wa mvua, jirani wote wakipita na kuchungulia godoro lako, ulitosha. Wengi walilipa kabla jua halijazama. Nilimwona mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye suti, akiubeba mlango kichwani kuurudisha mwenyewe huku watoto tukimfuata. Kesho yake darasani hakuna aliyethubutu kucheka.

Asiyeweza kabisa aliondolewa, ila mbele ya balozi. Balozi alikaa kwenye kigoda mlangoni. Kila kitu kilichotoka kilitajwa, kikaandikwa, mpangaji akatia sahihi au dole gumba. Kama deni lilibaki, kitu kimoja kiliachwa: redio, baiskeli, mara moja cherehani. Cherehani ile ilikaa kwetu ikifunikwa khanga, na hakuna aliyeruhusiwa kuishonea hata kifungo, mpaka mwenyewe aliporudi kutoka Kahama na pesa. Ndiyo, alirudi. Sisemi wote walirudi. Kuna redio iliyotuimbia miaka mingi bila mwenyewe kuonekana.

Nisimfanye shangazi malaika. Alijua kubana. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka Rusumo, na Benaco ikageuka mji kwa usiku mmoja, kodi ilipanda hata huku kwetu mbali na kambi. Alikuja dereva wa shirika fulani, akaja mkalimani, wakaja wachuuzi wenye noti nene. Shangazi alimwambia bwana shamba, mpangaji wake wa miaka yote, kwamba mtoto wake anaoa na anahitaji chumba. Mtoto huyo, ambaye ndiye binamu yangu, alikuwa darasa la sita. Bwana shamba alielewa, akafungasha. Balozi aliandika kama kawaida.

Mwishoni mwa 1996 noti zikaondoka pamoja na watu. Kilichobaki ni madebe ya mafuta ya kula ya msaada, yaliyoandikwa USA, na maturubai ya UNHCR. Madebe yalipasuliwa, yakanyooshwa, yakapigwa misumari. Mlango wa chumba cha tatu ulioza chini, shangazi akauziba kwa bati hizo. Kila ulipong'olewa baada ya hapo ulilia kama bendi ya shule, na mtaa wote ulijua ni nani hajalipa. Mlango huo bado upo. Kijana wa guta aliupima kwa jicho, akasema utauzika kama chuma chakavu.

Baadaye mambo yalikimbia. Kukawa na miaka ya ujambazi, mabasi yakipita msituni kwa eskoti ya polisi, na wasafiri waliokosa msafara wakilala kwetu wawili wawili kitandani. Mgodi wa Tulawaka ukaanza 2005, shangazi akapiga sakafu ya saruji. Mwaka huohuo sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa. Huku hakuna aliyesikia ikiingia wala ikitoka. Mwaka 2013 mgodi ukabadili mikono, na ikaja Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka wahamiaji haramu. Chumba cha tano tulikikuta na maharage mekoni, moto haujazima. Balozi alikuwa keshakufa, na siku hiyo hakuna aliyehesabu kitu. Shangazi alifunga chumba miezi mitatu bila kupangisha, ndipo akagawa vyombo kwa majirani. Naye akafariki. Nyumba ikawa ya binamu.

Sheria ya ardhi inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi ya siku 60. Binamu aliipata, akaiweka mfukoni. Wapangaji hawakuambiwa neno. Aliendelea kupokea kodi zao, mmoja akamlipa mwaka mzima mbele. Walijua siku walipokuta namba za rangi nyekundu ukutani. Mama mmoja alikuwa sokoni Biharamulo. Alirudi akakuta kabati lake barabarani, droo zimefunguka, sare za watoto zikikanyagwa. Sufuria moja ilikuwa imekwisha ondoka. Aliyeichukua hajulikani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi ya kujua.

Nimeambiwa mwenye kudai akadai kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni kweli, lipo kisheria tangu 2002, na yule aliyelipa mwaka mzima nimemwambia aende akamshtaki binamu yangu, nami nitakuwa shahidi. Ndugu wamenuna. Lakini yule mama wa kabati, baraza litaanza kwa kumuuliza ulikuwa na nini humo ndani, na nani aliona. Sufuria haina risiti.

Balozi hayupo, lakini kitongoji kina mwenyekiti, kina mhuri, na barua ya utambulisho haitoki bila hela ya karatasi. Siku ya kutoa watu nje, mwenyekiti alipita kwa pikipiki, akapunga mkono, akaendelea na safari. Kigoda kilikuwepo, nilikiona kwenye rundo. Angeshuka akakaa nusu saa na kalamu, yule mama leo angekuwa na karatasi ya kupeleka barazani.