Sikuwasikiliza Wanafunzi Wake

Mpwa wangu ameacha kupiga udi, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Mama yake, dada yangu, aliniachia kazi ya kumtafutia mwalimu hapa Malindi kwa kuwa anajua ninavyoipenda taarabu. Nimekua nikimsikiliza Zein l'Abdin, yule fundi wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, nikajiona naujua udi. Kuupenda naupenda. Kumchagulia mtoto mwalimu ni elimu nyingine, nami sikuwa nayo.

Walikuwapo wawili. Mmoja alikuwa mzee wa mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi, aliyekwisha kuacha kwenda harusini, anafundisha barazani kwake. Wa pili alikuwa fundi anayegombewa na maharusi kutoka Mambrui hadi Kilifi. Nilikwenda harusini nikamsikia huyu wa pili, nikatokwa na machozi. Kesho yake nikampelekea ada. Sikuuliza amemfundisha nani, wala sikuomba kukaa kwenye somo lake hata moja.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwa wakati na alimpenda kijana. Lakini kila mtoto alipokosea, aliuchukua udi mapajani mwake, akapiga mwenyewe, vizuri mno, akamwambia, "Umeona?" Kabla ya somo aliulinganisha nyuzi yeye, mtoto akakabidhiwa ukiwa tayari. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imepotea, na ni sikio la mpigaji litakalomwambia. Sikio hilo halikufunzwa. Nilimwona mtoto akiikaba shingo ya udi kwa kiganja kizima, kidole gumba kimejipinda, mkono unaoshika risha ya kupigia nyuzi umekakamaa kuanzia begani. Niliona, nikanyamaza. Ningemsahihishaje fundi wa watu?

Mtoto akaanza kulalamika kifundo cha mkono kinamuuma. Nikamwambia avumilie. Neno hilo linanichoma kuliko yote, maana aliniamini.

Kisha nikapita kwa yule mzee wa Shela. Msichana mdogo, mwanafunzi wake, alikuwa anajiandaa. Aligusa nyuzi mbili za jozi moja, akainamisha kichwa, akazungusha kigingi kidogo sana, akagusa tena, mpaka zote mbili zikatoa sauti moja. Mzee hakunyoosha mkono. Alingoja. Nyimbo zenyewe msichana alizipiga polepole, na kukosea alikosea, lakini kila alipokosea alijua, akarudi mwenyewe.

Na mfano wa mafunzo mema nilikuwa nao muda wote. Kwenye ngoma za Wagiriama, huku nyuma ya mji, mtoto hujifunza kayamba akiwa katikati ya wapigaji, na akilitikisa vibaya hurekebishwa papo hapo. Kuziacha desturi zetu nikafuata sifa ya mtu, hilo silitafutii udhuru.

Nimemwomba mpwa wangu radhi, na mama yake pia. Mzee yuko radhi kumpokea. Kijana mwenyewe bado hataki, na sitamlazimisha.

Wewe unayetafuta mwalimu, iwe wa udi, fidla au kinanda, usimsikilize yeye akipiga. Mwombe akuonyeshe mwanafunzi aliyeanza kwake bila kujua kitu, ukae umsikilize huyo. Na mwanao akikwambia mkono unauma, simamisha somo siku hiyo hiyo.