Siku Moja Pwani kwa Treni na Pantoni

Ndugu msomaji, huenda umelima mkonge au mahindi hapa Magoma miaka mingi, na bahari hujaiona. Au uliiona ulipokuwa mtoto, ukaisahau. Safari hii kila mtu anaweza kuifanya. Inataka akiba kidogo na mpango mzuri. Watu wengi hufika pwani, lakini hurudi bila kuona kitu. Wengine huachwa na chombo. Mara nyingi wanaoachwa hawakukosa nauli. Walikosea kusoma saa.

Kwa hiyo leo tutapanga pamoja siku moja ya kutembelea pwani ya Dar es Salaam. Tutakwenda kwa treni. Tutavuka maji kwa pantoni. Chukua kalamu na karatasi.

RELI YETU

Reli inayopita Korogwe ni ya zamani sana. Wajerumani walianza kuijenga huko Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Wakati huo haikuungana na reli ya Dar es Salaam. Njia ya kuunganisha ilifunguliwa mwaka 1963. Inaanzia Mnyusi, hapa hapa wilayani Korogwe, na kwenda mpaka Ruvu. Njiani inavuka mto Pangani na mto Wami.

Treni za abiria za njia hii zilisimama kwa miaka mingi. Zilirudishwa mwezi wa Desemba mwaka 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi. Mwaka 2020 zilifika tena Arusha. Lakini treni hii haipiti kila siku. Siku zake hubadilika, na mvua kubwa ikiharibu njia safari husimama. Basi usisikilize habari za barazani. Nenda mwenyewe stesheni ya Korogwe, au mtume mtu unayemwamini. Uliza mambo manne: treni ya kwenda Dar es Salaam inapita siku gani, inapita saa ngapi, ya kurudi inaondoka siku gani, na nauli ni kiasi gani. Andika majibu. Usiyaweke kichwani.

SOMA SAA VIZURI

Hapa ndipo penye hatari. Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi, jua linapochomoza. Tiketi na ratiba za treni huhesabu kuanzia katikati ya usiku, tena mpaka 24. Ukisoma 8:00 kwenye tiketi ukadhani ni saa 8 mchana, treni itakuwa imekwenda zamani. Hiyo 8:00 ni saa 2 asubuhi.

Kumbuka kanuni hizi tatu:

Kwanza, saa iliyoandikwa 7 hadi 18, toa 6. Mfano: 14:00, toa 6, ni saa 8 mchana.

Pili, saa iliyoandikwa 19 hadi 24, toa 18. Mfano: 22:00, toa 18, ni saa 4 usiku.

Tatu, saa iliyoandikwa 0 hadi 6, ongeza 6. Mfano: 1:30, ongeza 6, ni saa 7 na nusu usiku.

Sasa liko jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Ni jambo la tarehe. Kwetu siku mpya huanza jua linapotua. Kwenye tiketi siku mpya huanza saa 6 usiku. Tuseme tiketi yako imeandikwa Jumatano, 1:30. Je, utatoka Magoma siku gani? Ukitoka Jumatano jioni umechelewa. Treni yako ilipita usiku wa kuamkia Jumatano, nawe ulikuwa umelala nyumbani. Lazima utoke Magoma siku ya Jumanne, tena mchana kweupe, maana magari ya kuja Korogwe huwa machache jioni. Wakati wa masika ongeza muda zaidi. Barabara ya bonde la Lwengera huharibika kwa mvua.

Ukinunua tiketi, mwambie karani akusomee siku na saa kwa Kiswahili chetu. Kisha isome mwenyewe mbele yake. Si aibu kuuliza. Tena soma namba ya behewa na namba ya kiti. Tunza tiketi hiyo mpaka mwisho wa safari.

PANGA KUANZIA KURUDI

Watu wengi hupanga safari kuanzia asubuhi. Husema, "Nitaona hiki, halafu kile." Jioni ikifika wako mbali na stesheni. Wewe fanya kinyume. Anza na saa ya chombo cha kurudi, uhesabu kwenda nyuma.

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu. Saa za kweli utapewa stesheni. Treni ya kurudi imeandikwa 16:00. Hiyo ni saa 10 jioni. Uwe stesheni saa 9. Basi uondoke Kivukoni saa 8, kwa sababu mji una foleni nyingi. Ili uwe Kivukoni saa 8, uanze kurudi kutoka Kigamboni saa 7, kwa sababu pantoni nayo ina foleni. Kwa hiyo muda wako wa kutembea ni kuanzia unaposhuka kwenye treni mpaka saa 7 mchana. Ukishuka saa 3 asubuhi, una saa 4 tu.

Je, treni ikichelewa ukashuka saa 5? Hapo huna saa 4 tena. Una saa 2. Basi amua kabla ya kutoka nyumbani ni kitu gani utakiacha. Andika orodha yako kwa kufuata umuhimu. Kitu cha mwisho kwenye orodha ndicho cha kuachwa kwanza.

Na kama siku hiyo hakuna treni ya kurudi, panga mapema. Unaweza kulala kwa ndugu au nyumba ya wageni. Au unaweza kurudi kwa basi kupitia Chalinze na Segera. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi, mbali na bahari. Usiseme utafika huko kwa nusu saa.

MAMBO YA KUONA

Ukishuka, uliza njia ya kwenda Posta na Kivukoni. Karibu na stesheni utaona jengo kubwa jipya la reli ya kisasa. Treni zake za umeme zilianza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Treni yako ya Korogwe haipiti njia hiyo, kwa hiyo usikate tiketi huko.

Fuata barabara ya Sokoine inayopita kando ya bandari. Utaona Boma la Kale. Lilijengwa miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanzisha mji huu. Mbele yake kuna kanisa la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara mrefu. Halafu kuna kanisa la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu. Yote mawili yalijengwa wakati wa Wajerumani.

Endelea mpaka soko la samaki la Feri. Afadhali ufike asubuhi, wakati wa mnada. Utaona changu, vibua, ngisi na pweza. Angalia jinsi wavuvi wanavyoshusha mzigo, na jinsi mnadi anavyopandisha bei. Mkulima atajifunza kitu hapo. Samaki hawangoji, kama nyanya zisivyongoja. Anayechelewa sokoni huuza kwa hasara.

Karibu na hapo ni Ikulu ya Dar es Salaam. Usipige picha. Penye kibao cha kukataza picha, soma na utii.

Ukibaki na muda, nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa mwaka 1940. Huko utasoma habari za fuvu la zamani lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, basi chukua kitambulisho chako.

KUVUKA KWA PANTONI

Kutoka Feri utavuka kwenda Kigamboni. Maji ni membamba, na safari ni ya dakika chache. Lakini ni safari ya kukumbukwa. Utaona meli kubwa zikiingia bandarini kwa mlango ule ule mwembamba. Pantoni husubiri meli ipite. Ndiyo sababu nyingine ya kutopanga muda wa kubana. Nauli ni ndogo. Uliza kama wanapokea pesa taslimu au kadi.

Ndugu msomaji, hapa tusome kwa makini. Katika nchi yetu vyombo vya majini vimeua watu wengi. Meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu walikufa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko hicho kilitakiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Siku ile kilikuwa kimejaa kupita kiasi.

Kwa hiyo chombo kikijaa, acha kiende. Subiri kinachofuata. Ukiwa ndani, tazama maboya na makoti ya kuokolea yako wapi. Usisimame ukingoni. Shika mtoto mkono. Usipande mtumbwi wa mtu usiyemjua kwa sababu amekuambia ni haraka. Ukiwa umepanga muda wa kutosha, hutakuwa na haja ya haraka hiyo. Mpango mzuri hukulinda usiachwe na treni, na hukulinda usife maji.

BAHARI INA SAA ZAKE

Kigamboni utafika ufukoni. Bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa muda wa siku moja hivi. Kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wapwani huita bamvua. Maji yakipwa unaweza kutembea mchangani na kuokota makombe. Lakini yakianza kujaa hurudi kwa nguvu, na penye kavu panakuwa na kina.

Waulize wenyeji: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Hawatakucheka. Na kama hujui kuogelea, usipite magoti. Mtu aliyezoea mto Lwengera asidhani anaijua bahari.

VITU VYA KUCHUKUA

Chukua kitambulisho, tiketi, maji ya kunywa, chakula cha njiani, kofia na kanga au shuka. Gawanya pesa zako mahali pawili. Nauli ya kurudi iweke peke yake, na usiiguse hata ukiona samaki mzuri namna gani. Andika kwenye karatasi namba ya simu ya ndugu yako, maana simu ikizimika huwezi kuisoma namba iliyo ndani.

Mkienda kikundi, chagueni mtu mmoja wa kutunza saa. Mwingine atunze fedha. Kubalianeni mahali pa kukutana mtu akipotea.

KAZI YAKO

Sasa geuza karatasi yako. Andika saa hizi kwa hesabu yetu: 6:15, 17:00, 20:30 na 0:45. Kisha jibu swali hili: tiketi imeandikwa Jumapili, 0:45. Je, utatoka Magoma siku gani? Mwonyeshe jirani yako majibu. Mkipata majibu sawa, nendeni Korogwe mkaulize treni.

Majibu: Saa 12 na robo asubuhi. Saa 11 jioni. Saa 2 na nusu usiku. Saa 7 kasorobo usiku. Utatoka Magoma siku ya Jumamosi, mchana.