Kichwa Kinauma, Kumbe ni Shingo



Sisi washona kofia wa Unguja tunajua kuinama. Asubuhi mpaka adhuhuri macho kwenye sindano, shingo imepinda. Mwenzetu mmoja kichwa kikaanza kumuuma upande mmoja, kutoka kisogoni hadi juu ya jicho. Tukasema presha, tukasema hasadi. Akameza panadoli kila siku, mwisho akawa hawezi kusujudu bila machozi.

Tukamsindikiza hospitali kwa mtaalamu wa viungo. Alimgeuza shingo taratibu, akambonyeza chini ya fuvu; maumivu yale yale yakaja. Akatueleza kuwa mishipa ya fahamu ya juu shingoni hukutana na ile ya uso, ndiyo maana shingo ikiumia, kichwa ndicho kinacholia.

Akamlegeza pingili kwa mkono mwepesi, akampa na zoezi la kurudisha kidevu nyuma. Kuvunja shingo kwa nguvu mpaka ilie ko akatukataza, mshipa wa damu unaweza kuchanika. Na kichwa kikipasuka ghafla, au kikija na homa au ganzi, tusingoje kukandwa, twende hospitali.

Sasa adhana ikiita tunaweka sindano chini, tunanyoosha shingo. Mwili ni amana. Juzi mwenzetu alisujudu, akainuka anatabasamu. Alhamdulillah.