Paa Hubadilishwa Kiangazi

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024 nilikuwa nyumbani Mabatini, kwenye chumba cha nyuma kilichoegemea mwamba, nikisubiri bando la usiku lianze ili nisasishe kompyuta. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulihusu bei za dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na takwimu zote zilikuwa ndani ya mashine hiyo.

Natumia Debian, mfumo endeshi huria unaogawa vifurushi vyake vya programu katika matawi. Liko tawi thabiti, ambalo toleo lake jipya hutoka takriban kila baada ya miaka miwili. Liko la majaribio. Na liko linaloitwa sid, ambako vifurushi vipya huingia kwanza. Mimi nilikuwa sid. Hakuna programu niliyoihitaji huko. Nilipenda tu kuwatajia wenzangu namba ya toleo ambalo wao hawajaliona.

Starehe hiyo ilikuwa na gharama. Neno kifurushi huku kwetu lina maana mbili: programu unayoiweka, na bando unalonunua ili uipakue. Anayekaa sid hulipia maana zote mbili karibu kila siku. Mwezi Januari, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, nilisasisha vifurushi zaidi ya mia mbili. Asubuhi kompyuta ikawaka kioo cheusi, na bando halikubaki hata la kupakua matoleo ya nyuma. Nilimwambia msimamizi wangu kwamba umeme ulikatika tangu jana. Alinionea huruma, akaniongezea wiki mbili. Uongo ule uliniuma kuliko hasara yenyewe.

Sasa, usiku ule wa Ijumaa Kuu, nikakutana na habari. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amejijengea uaminifu ndani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Tawi thabiti la Debian halikuguswa. Sid iliguswa. Niliandika amri ya kuuliza toleo langu: 5.6.1.

Huenda hakuna aliyewahi kuingia kwangu. Lakini ndani ya mashine ile kulikuwa na majina, namba za simu na madeni ya akina mama arobaini wa Mwaloni walioniamini, na mimi nilikuwa nimewaweka rehani kwa ajili ya majigambo.

Asubuhi nilimweleza baba, fundi wa kuezeka, tukinywa chai huku wingu likijikusanya.

"Kwa hiyo vipya vina sumu," nilimalizia. "Bora niache kusasisha kabisa."

Baba akatikisa kichwa. "Bati lisiloguswa nalo linaota kutu, mwanangu. Tundu likitokea masika, panda uzibe tundu hilo hilo. Paa zima subiri kiangazi."

Baba hajawahi kusikia habari za Debian, lakini tawi thabiti hufanya hivyo hivyo. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, watunzaji wake huchukua kiraka peke yake na kukiweka kwenye toleo la zamani, bila kuleta mabadiliko mengine. Nilikuwa nikiona namba ya zamani nikidhani ni uvivu. Kumbe kuna watu wako juu ya paa wakiziba matundu, na namba haibadiliki kwa sababu wanajizuia.

Wiki ile nilifuta mashine nikaweka Debian 12, iliyotoka Juni 2023. Kifurushi kimoja cha R nilichokihitaji kilikuwa cha zamani mno humo, hivyo nikaweka kipya ndani ya folda ya utafiti pekee kwa kutumia renv, ambayo huandika kila toleo linalotumika. Kikiharibika, kitavuja chumba kimoja tu.

Debian 13 ilipotoka Agosti 2025, nilikuwa kwenye sura ya mwisho ya tasnifu. Vidole viliniwasha. Niliendelea kupokea viraka vya toleo la 12, nikahama baada ya kukabidhi.

Kwenye kiambatisho cha tasnifu niliorodhesha matoleo ya programu zote nilizotumia. Msimamizi aliniuliza imekuwaje nikawa makini kiasi hicho. Nikamweleza, nikianzia na usiku ule wa Januari, ambao umeme haukukatika.